Muuaji Tunamjua Ukurasa wa 9, Sasa Tunasoma Nini?

SWALI

Mpendwa Mshauri,

Sisi ni kikundi cha wasomaji tisa. Kila mwezi tunasoma riwaya moja ya upelelezi, na kuna mwandishi mmoja ambaye tumemfuata kuliko wengine wote. Vitabu vyake 11 vyenye mpelelezi yule yule tumevimaliza, vingine mara mbili. Mtindo wake tunaujua: maiti inaonekana kabla ya ukurasa wa 20, washukiwa ni watano au sita, mpelelezi anauliza maswali madogo madogo ya adabu, na katika sura ya mwisho anawakusanya wote chumba kimoja na kufungua fundo moja baada ya jingine. Kurasa 280 hivi, unafunga kitabu ukiwa umetosheka.

Kitabu cha 12 kimetuvuruga. Kina kurasa 412. Anayesimulia ni dada wa muuaji, kwa nafsi ya kwanza, na muuaji mwenyewe tunatajiwa ukurasa wa 9. Mpelelezi wetu hatokei mpaka ukurasa wa 190, anakaa sura tatu, kisha anaondoka. Hakuna anayekamatwa. Swali lake la mwisho kwa yule dada ni kwamba ufunguo wa stoo ulikuwa umewekwa wapi siku ile. Dada anajibu, mpelelezi anashukuru, anavaa kofia, mlango unafungwa. Mwisho kabisa kuna kurasa sita za dada akifua mapazia, na kitabu kimekwisha.

Yanayotuudhi zaidi ni mawili. Kwanza, ukurasa wa 140 dada anapigiwa simu na kaka yake. Anachotuambia ni kwamba kaka "alisema aliyosema", naye akakata simu. Hayo aliyosema hatuambiwi mpaka ukurasa wa 388. Pili, jalada ni la sura ile ile ya vitabu vya nyuma, rangi zile zile, na nyuma limeandikwa kwamba mpelelezi tunayempenda amerudi.

Sita kati yetu waliacha kabla ya ukurasa wa 160. Wawili walimaliza na wanataka kukipa nyota moja mtandaoni, na kumwandikia mwandishi barua ya kumwambia arudi alikotoka. Mmoja anasema hiki ndicho kitabu chake bora, na mkutano uliopita ulivunjika kwa maneno makali. Isitoshe, cha 13 tumekwisha kukiagiza kabla hakijatoka. Je, tukubali kwamba mwandishi amechoka, au sisi ndio hatujui kusoma?

Katibu, kwa niaba ya wenzangu wanane

JIBU

Katibu na wenzako,

Jina la kitabu hamkulitaja, kwa hiyo ninafanya kazi na barua yenu tu, na kwa bahati nzuri ina namba za kurasa. Hamkukosea kuudhika. Ila mmefunga malalamiko manne katika mzigo mmoja, na kila moja lina mwenyewe. Jalada ni la mchapishaji. Simu ya ukurasa wa 140 ni ya mwandishi, nayo ni nzito. Urefu wa kitabu hauhukumiwi kwa kutazama unene, hupimwa, na nitaeleza namna ya kuupima. Lakini kumjua muuaji mapema na mpelelezi kuchelewa kufika si kosa la mtu yeyote. Hiyo ni aina nyingine ya riwaya, na ndipo nitakapokaa kwa muda mrefu, kwa sababu nadhani wale sita waliachia njiani kitabu ambacho hawakuwa wameanza kukisoma.

Riwaya ya uhalifu huendeshwa na swali moja kuu, na swali hilo hutangazwa mapema, mara nyingi ndani ya sura ya kwanza. Katika vitabu 11 mlivyovizoea swali lilikuwa "nani?" Mwandishi anapomtaja muuaji ukurasa wa 9 anawaambia waziwazi kwamba swali hilo limefungwa. Aina hii haikuzuliwa juzi. R. Austin Freeman alitoa The Singing Bone mwaka 1912, mkusanyo wenye hadithi ambazo nusu ya kwanza inaonyesha uhalifu ukitendeka na nusu ya pili inaonyesha mpelelezi akiufikia. Ruth Rendell, katika A Judgement in Stone ya 1977, alikwenda mbali zaidi: sentensi ya kwanza inamtaja muuaji, inawataja waliouawa, na inataja sababu. Bado msomaji hawezi kuiweka chini, maana kinachomvuta sasa ni kuona jinsi watu wanavyotembea kuelekea jambo ambalo yeye peke yake analijua.

Kwa hiyo, kabla ya kuhukumu, andikeni kwa sentensi moja swali la kitabu hiki. Msiliandike kwa kumbukumbu. Rudini mkasome kurasa 20 za mwanzo na mtazame msimulizi anahofia nini. Kwa maelezo yenu, ninavyoliona mimi ni hili: dada atalibeba hili mpaka lini, na nani atalinusa kwanza? Kama ndivyo, basi wale walioacha kabla ya ukurasa wa 160 waulizwe walikuwa wanangoja nini walipoacha. Nina hakika wengi watajibu "maiti ya pili" au "mpelelezi aje". Hivyo viwili ni vitu ambavyo kitabu hiki hakikuviahidi ndani ya kurasa zake. Kilichoviahidi ni jalada, na hilo tutalifikia.

Sasa mpelelezi. Mnasema anakaa sura tatu tu, kana kwamba mmepunjwa. Zisomeni tena sura hizo tatu pekee, kwa mkao mmoja, na mkumbuke mmekaa upande gani wa meza. Katika vitabu vya nyuma mlikaa karibu naye, na kila swali lake dogo la adabu lilikuwa burudani. Safari hii mmekaa na dada. Maswali yale yale, kwa sauti ile ile, sasa yanawajia nyinyi. Mwandishi hakuhitaji kumweleza mpelelezi kwa mistari mingi, kwa kuwa alikuwa na vitabu 11 vya kuwafundisha ninyi jinsi mtu huyu asivyokosea. Anapovua kofia ukurasa wa 190, msomaji mgeni anaona mzee mpole amekuja kutembea, bali ninyi mnajua mambo yameharibika. Hofu hiyo haiwezi kujengwa na mwandishi asiye na vitabu 11 nyuma yake, na msomaji aliyeanzia hapa hawezi kuipata. Nadhani ndiyo maana mwenzenu mmoja anakiita kitabu bora. Mpeni nafasi aeleze sura hizo.

Kuhusu tamati, tenganisheni mambo mawili ambayo mazoea yameyaunganisha: jibu na adhabu. Riwaya ya uhalifu inaweza kuishi bila pingu. Haiwezi kuishi bila jibu, hata likiwa jibu lililofichwa. Mmesema swali la mwisho lilihusu ufunguo wa stoo. Mwandishi wa shule ya zamani, aliyekwisha kuwazoesha kwamba kila kitu kidogo kina kazi, hampi mpelelezi wake swali la mwisho la bure. Tafuteni ufunguo huo ulitajwa wapi kwanza, mwandike ukurasa na maneno yenyewe, kisha mlinganishe na jibu la dada. Majibu yakitofautiana, mpelelezi anajua, na shukrani zile zake ni hukumu. Fanyeni vivyo hivyo kwa mapazia. Kurasa sita za kufua mapazia, mwishoni mwa kitabu, baada ya mlango kufungwa! Yalitajwa wapi mara ya kwanza, na ni ya dirisha gani? Yakiwa ni ya dirisha la stoo, ufunguo na mapazia ni jambo moja, na mwisho mliouona mtupu umejaa. Yakiwa hayajawahi kutajwa popote, basi mna haki ya kusema kitabu kimeisha kwa kuchoka.

Njia ya kuwa na uhakika ni jedwali, na kikundi cha watu tisa kinaweza kulikamilisha kwa jioni moja. Gaweni kitabu: kurasa 412 kwa watu tisa ni kurasa 46 kila mmoja, wa mwisho akibaki na 44. Kila mmoja apige mistari miwili ya wima, apate safu tatu. Safu ya kwanza iwe ukurasa, ya pili swali lililozuka hapo (nani alizima taa, barua ilitoka kwa nani, kwa nini mlango ulikuwa wazi), ya tatu iachwe tupu. Mkikutana, jazeni safu ya tatu pamoja: lilijibiwa ukurasa gani? Yatakayobaki bila namba yagaweni mara mbili. Swali lililoachwa wazi kwa makusudi hurudishwa. Mwandishi huligusa tena karibu na mwisho, kwa kitu, kwa neno, kwa mtu kulikwepa, ili ujue analikumbuka. Swali lililosahauliwa hufa katikati ya kitabu na halisikiki tena. La kwanza ni uamuzi, mnaweza kulipenda au kulichukia. La pili ni kasoro, na kasoro mbili tatu za namna hiyo zinatosha kusema mhariri hakufanya kazi yake.

Simu ya ukurasa wa 140 ni suala jingine, na hapa niko upande wenu zaidi. Kutoka 140 mpaka 388 ni kurasa 248, na deni la kurasa 248 ni kubwa. Ronald Knox, aliyeandika kanuni kumi za hadithi za upelelezi mwaka 1929, alisema mpelelezi asikutane na dalili yoyote ambayo haiwekwi papo hapo mbele ya msomaji. Dada huyu si mpelelezi, lakini haki inayolindwa ni ile ile: tuliyempa macho yetu asiyafumbe panapomfaa mwandishi. Hata hivyo msimulizi anayeficha si lazima awe dhuluma. The Murder of Roger Ackroyd ya Agatha Christie, ya mwaka 1926, iliwagawa wasomaji kwa jambo la jamii hii, na sitasema zaidi kwa ajili ya asiyeisoma. Kinachoiokoa ni kwamba ukirudi nyuma unakuta kila sentensi ni ya kweli, na pengo lilikuwa mbele ya macho yako.

Pimeni simu hiyo kwa maswali haya. Dada anamsimulia nani, na lini? Kama anaandika maelezo ya kusomwa na mtu fulani, au anakumbuka baada ya miaka, ana sababu yake ya kuruka. Kama anajisimulia tu mwenyewe, jambo likitendeka, hana wa kumficha, na anayeficha ni mwandishi. Kisha, baada ya ukurasa wa 140, anaishi kama mtu anayejua? Pitieni kila mahali anaposhangaa au kushtuka. Akishangazwa ukurasa wa 230 na jambo ambalo kaka yake alimwambia kwenye ile simu, kitabu kimedanganya, na hakuna mjadala tena. Mwisho, siri ikifunuliwa ukurasa wa 388, inabadilisha maana ya yale mliyokwisha kuyaona, au inawashtua tu? Siri nzuri huwarudisha nyuma, mkajikuta mnaelewa upya kwa nini dada alikataa kufungua dirisha, kwa nini hakula siku ile. Siri ya kushtua haigusi chochote cha nyuma.

Jambo moja la kumtetea mwandishi ni kwamba maneno "alisema aliyosema" hayafichi kuwepo kwa pengo. Yanakuonyesha mlango uliofungwa na kukuambia umefungwa. Hiyo ni bora mara kumi kuliko kuandika kwamba kaka alipiga simu kuulizia hali ya hewa. Lakini kama dada hana msikilizaji, mimi ningeiita kasoro, tena kubwa, na ningeiandika hivyo bila kusitasita.

Urefu. Kurasa 412 dhidi ya 280 hazisemi lolote zenyewe. Chukueni kurasa za 150 hadi 250, maana katikati ndiko riwaya hulegea, na mpime onyesho kwa onyesho. Kwa kila onyesho jazeni sentensi mbili: "Linapoanza, dada anajua hivi, anataka hivi, anahofia hivi" na "Linapoisha, ni hivi." Sentensi hizo zikifanana, onyesho limekufa hata kama limeandikwa kwa lugha tamu. Kipimo changu ni theluthi: maonyesho mafu yakizidi theluthi moja ya sehemu hiyo, uchovu wenu umesababishwa na kitabu. Yakiwa machache, mlichoka kwa sababu mlikuwa mnangoja mtu ambaye hakuwa njiani. Jihadharini na kosa moja katika kupima. Katika riwaya ya namna hii badiliko laweza kuwa la ndani tu: onyesho zima la chakula cha jioni ambalo hakuna linalotokea, ila dada anagundua kwamba jirani ameanza kuhesabu siku. Hilo si onyesho mfu.

Sasa jalada. Hapa hamna haja ya kupima chochote: mmeuziwa kitabu kimoja ndani ya nguo za kingine. Msomaji wa riwaya za upelelezi hununua mpelelezi kabla ya kununua mwandishi. Ndivyo hata watu wanavyoomba kitabu cha Bwana Msa, cha Willy Gamba au cha Joram Kiango, na majina ya Muhammed Said Abdulla, Elvis Musiba na Ben Mtobwa yakafuata. Waandishi wanaolijua hili wamewahi kulishughulikia kwa uungwana. Agatha Christie alipotaka kuandika riwaya zisizo za upelelezi alitoa sita kwa jina la Mary Westmacott, ya kwanza 1930, ya mwisho 1956, na kwa miaka mingi watu hawakujua ni yeye. Ruth Rendell, akiwa tayari na mpelelezi wake na wasomaji wake, alianza mwaka 1986 kutumia jina la Barbara Vine kwa riwaya zake zinazochimba zaidi akili za watu na siri za familia. Na hakujificha: ilijulikana kwamba Vine ni Rendell. Jina la pili lilikuwa alama tu ya kumwambia msomaji ajiandae kusoma kwa namna nyingine. Kitabu chenu kilistahili alama kama hiyo, angalau rangi tofauti na maneno ya kweli nyuma. Kusema mpelelezi "amerudi" kwa sura tatu ni kumkosea msomaji.

Mnauliza kama mwandishi amechoka. Jiulizeni kwanza kama mtindo ndio uliochoka. Mtu akisoma vitabu 11 vya mkono mmoja huanza kumkisia muuaji kwa umbo la kitabu badala ya dalili: ni yule mtu wa msaada aliyeingia sura ya tatu bila sababu, aliyetajwa kila mara na hakushukiwa hata mara moja. Kumbukeni kitabu cha 10 na cha 11. Mlimjua muuaji ukurasa wa ngapi? Kama wengi wenu mlimjua kabla ya ukurasa wa 140, yaani nusu ya kitabu, mwandishi aliliona hilo kabla yenu, na kumtaja muuaji ukurasa wa 9 ni namna ya kuwanyang'anya mchezo mliokwisha kuushinda. Kuna pia mzigo wa mpelelezi mwenyewe. Arthur Conan Doyle alimtosa mpelelezi wake, Sherlock Holmes, kwenye maporomoko ya Reichenbach katika hadithi iliyotoka Desemba 1893, kwa kuwa alitaka muda wa kuandika vitabu vingine alivyovithamini zaidi. Alianza kumrudisha mwaka 1901, kwa kisa kilichowekwa kabla ya kifo hicho, na 1903 akamfufua kabisa. Wasomaji walimtaka Holmes muda wote huo, na bado ilichukua karibu miaka minane. Barua ya kumwambia mtu "rudi ulikotoka" haina nguvu mnayoidhania.

Kwa hiyo barua hiyo msiiandike namna hiyo. Andikeni mbili. Ya kwanza iende kwa mchapishaji, kuhusu jalada tu. Anwani ipo kwenye ukurasa wa hakimiliki, ule ulio nyuma ya ukurasa wa jina la kitabu. Tajeni jina la kitabu, namba ya ISBN, mnukuu maneno ya nyuma ya jalada neno kwa neno, kisha mseme mpelelezi anaonekana kuanzia ukurasa gani mpaka upi. Nusu ukurasa unatosha. Mkiingiza malalamiko ya tamati na ya urefu, mtamrahisishia mchapishaji kazi ya kujibu kwamba ladha hutofautiana. Ya pili iende kwa mwandishi, kupitia mchapishaji huyo huyo, isizidi ukurasa mmoja, na iwe na swali moja ambalo jedwali lenu limeshindwa kulijibu. Simu ya ukurasa wa 140 ndiyo ningeichagua. Msimpe kisa cha kuandika. Waandishi wengi hawasomi mawazo ya visa wanayotumiwa, kwa kuogopa kuja kudaiwa kwamba waliyaiba, na barua nzima yaweza kuwekwa kando kwa aya moja ya namna hiyo.

Nyota moja naomba mwiache, na sababu ni ya kiutendaji kabisa. Anayetafuta kujua kama anunue hapati kitu katika nyota moja yenye sentensi "si kama vile vya zamani", kwa sababu hajui kama yeye anapenda vya zamani. Andikeni maneno 200 hadi 300. Mwanzoni semeni kitabu ni cha aina gani: anasimulia nani, swali ni lipi, mpelelezi ana nafasi kiasi gani. Hayo ndiyo jalada lilipaswa kuyasema, na mtakuwa mmewaokoa wengine. Kumtaja muuaji si kuharibu utamu kwa kuwa kitabu chenyewe kinamtaja mapema, ila msiguse chochote kinachotokea baada ya robo ya kwanza, yaani ukurasa wa 103. Kasoro moja, mfano mmoja, ukurasa wake. Aliyeacha kabla ya 160 aandike kwamba aliacha na aliachia wapi, au asiandike. Na msimtaje mwandishi kwenye mtandao ili aione tahakiki mbaya. Tahakiki ni ya wasomaji.

Kwa mkutano ujao, mwenzenu aliyekipenda aanze, dakika kumi, bila kukatizwa, na aongelee zile sura tatu za mpelelezi. Baada yake wale sita, kila mmoja dakika mbili: niliacha ukurasa huu, nilikuwa nangoja hiki. Katibu andika majibu hayo ubaoni bila kuyajibu. Kisha jedwali, ambalo litakula saa nzima. Maneno "nimependa" na "sijapenda" yasitumike mpaka jedwali liishe. Maneno makali ya mkutano uliopita yalitokana na kubishana juu ya hukumu kabla ya ushahidi kuwekwa mezani, jambo ambalo mpelelezi wenu asingelikubali.

Limebaki agizo la kitabu cha 13. Msilifute leo, maduka mengi hukubali kufuta mpaka kabla kitabu hakijatumwa, hivyo angalieni tu tarehe ya mwisho na muiandike. Halafu tafuteni mambo manne kabla ya tarehe hiyo. Je, maelezo yanamtaja mpelelezi katika sentensi ya kwanza au ya mwisho? Akiwa wa mwisho, shukuni. Je, kuna jina la pili kwa herufi ndogo chini ya jina la mwandishi? Maana yake kimeandikwa na wawili, na mara nyingi huyo wa pili ndiye aliyeandika sehemu kubwa. Je, ni kipya kweli, au ni kazi ya zamani iliyobadilishwa jina? Ukurasa wa hakimiliki huonyesha mwaka wa kwanza wa kuchapishwa. Na sura ya kwanza, ambayo mara nyingi hutolewa bure kabla ya kitabu kutoka, inauliza swali gani? Isomeni kwa sauti mkiwa pamoja, kila mmoja aandike swali hilo kwenye kipande chake cha karatasi bila kumwonyesha jirani, kisha mvifunue vyote tisa. Vikikubaliana, mtajua mnanunua nini, iwe ni swali la nani aliyeua au ni kitu kingine kabisa.